Safari za Kubadilishana Utamaduni Nje ya Nchi: Mambo ya Kuzingatia Kabla Kijana Hajaondoka

Kati ya Juni na Agosti, wakati Likombe ikiwa katika kipupwe, nchi za Ulaya na Marekani huwa katika majira ya joto. Programu nyingi za kubadilishana utamaduni hufanyika katika miezi hiyo. Kijana hukaa na wenyeji wake kwa wiki kadhaa, akajifunza lugha na desturi zao, naye akawafundisha za kwao.

Jambo hili si geni Mtwara. Mji wa Redditch, kusini mwa Birmingham nchini Uingereza, una uhusiano wa kirafiki na Mtwara. Mikindani nako, Boma lililojengwa na Wajerumani mwaka 1895 lilikarabatiwa kwa juhudi za shirika la Trade Aid la Uingereza.

Programu hutofautiana kwa umri na muda. Mpango wa Kennedy-Lugar, ulioanzishwa na Marekani mwaka 2002, ni wa wanafunzi wa sekondari na huchukua hadi mwaka mmoja wa masomo. Ule wa Mandela Washington, ulioanza mwaka 2014, uliwalenga viongozi vijana wa miaka 25 hadi 35 kwa wiki 6. Yote miwili ni ya ufadhili. Kwa kuwa nafasi hutegemea uamuzi wa nchi mwenyeji, mwombaji athibitishe kwanza kwa ubalozi husika iwapo maombi yamefunguliwa.

Nyaraka zinazohitajika

Hatua ya kwanza ni cheti cha kuzaliwa kinachotolewa na RITA. Wenye umri wa miaka 18 na kuendelea wawe pia na namba ya NIDA. Maombi ya pasipoti hupelekwa Idara ya Uhamiaji. Ada ya pasipoti ya kawaida ya kielektroniki ni shilingi 150,000, nayo hudumu miaka 10. Aliye chini ya miaka 18 huhitaji ridhaa ya mzazi au mlezi. Viza huombwa baada ya pasipoti kupatikana. Kwa Marekani, mshiriki huomba viza ya kundi la J, akiwa na fomu iliyotolewa na taasisi inayomdhamini.

Wahitimu wa kidato cha sita wakumbuke kuwa mafunzo ya JKT kwa mujibu wa sheria huweza kuangukia miezi hiyo hiyo.

Tahadhari

Yapo makundi yanayotumia jina la safari za utamaduni kuwapeleka vijana katika kazi za kinyonyaji. Dalili zake ni hizi: wakala kudai fedha taslimu bila stakabadhi, kushikilia pasipoti ya kijana, kukataa kutaja anwani ya mwenyeji, au kuhimiza viza ya utalii kwa safari ya kazi. Sheria ya Kuzuia Usafirishaji Haramu wa Binadamu ya mwaka 2008 huhesabu kumwandikisha mtu kwa hila ili anyonywe kuwa kosa, hata kama mwenyewe aliridhia.

Akiba ya korosho ya msimu mzima inaweza kupotea kwa siku moja, lakini hasara kubwa zaidi ni mtoto asiyejulikana aliko. Mzazi mwenye shaka asitie saini wala kulipa chochote. Aonane kwanza na Mtendaji wa Mtaa au wa Kata, Afisa Ustawi wa Jamii, au kituo cha polisi kilicho karibu.