Mtindo Uliofichwa Ndani ya Lebo, na Namna ya Kuushinda

Wengi wetu tunaoendesha tovuti ndogo za vijiji na vyama hapa Pwani hatujengi ukurasa kuanzia msingi. Twachukua kiolezo kilichokwisha kutengenezwa, kisha twakirekebisha. Hapo ndipo watu huniuliza: "Nimeandika kwenye faili ya CSS maandishi yawe meusi na makubwa, mbona bado ni kijivu na madogo?"

Sababu ni kwamba mtindo umeandikwa ndani ya lebo yenyewe ya HTML, kwa mfano:

<p style="color:#999; font-size:11px">

Kivinjari huupa mtindo wa namna hii nguvu kuliko kanuni yoyote ya kawaida iliyo kwenye faili yako.

Kama waweza kuifikia HTML, ufute mtindo huo. Hiyo ndiyo dawa safi. Kama huwezi, andika !important kwenye faili yako, kabla ya nuktamkato:

p { color:#000 !important; font-size:18px!important; }

Aya zote zitakufuata. Lakini usilitie neno hili kila mahali: kanuni zote zikiwa nalo, zitarudi kushindana upya, na kesho hutajua ipi inatawala. Na ukikuta !important imo ndani ya lebo yenyewe, faili yako haitafua dafu. Itabidi urudi kwenye HTML au utumie JavaScript.

Jambo hili si la urembo tu. Kijivu cha #999 juu ya nyeupe hutoa utofauti wa takriban 2.8 kwa 1, ilhali mwongozo wa W3C wataka angalau 4.5 kwa 1 kwa maandishi ya kawaida. Katika CSS ya kwanza, ya 1996, !important ya mwenye tovuti ilimshinda msomaji. CSS2 ya 1998 iligeuza mambo: !important ya msomaji ndiyo yenye kauli ya mwisho, ili anayehitaji maandishi makubwa au rangi maalumu ayapate.

Haki hiyo ipo, lakini mzee anayesoma kwa simu juani hataandika CSS. Tangazo la maziko au la mkutano wa ardhi likimpita kwa sababu ya kijivu kile, lawama ni yetu sisi wenye tovuti. Fungua ukurasa wako leo kwenye simu, toka nje juani, ujaribu kuusoma.