Soma ripoti yako ya mkopo kabla benki haijaisoma

MFANYABIASHARA anayetafuta mkopo wa kununua bidhaa za msimu huuliza kwanza habari za riba na dhamana. Wachache huulizia ripoti yao wenyewe ya mikopo, ingawa ndiyo benki huitazama kabla ya kuwajibu.

Nchini Kenya ripoti hizo hutunzwa na kampuni zenye leseni ya Benki Kuu, maarufu kama CRB. Miongoni mwazo ni TransUnion, Metropol na Creditinfo. Benki huzipelekea taarifa za mikopo inayolipwa vizuri na iliyokwama pia. Kila kampuni hukokotoa alama kwa njia yake. Alama za Metropol, kwa mfano, huanzia 200 hadi 900, na zikiwa juu ndivyo mteja anavyoaminika zaidi.

Tangu sheria ya kudhibiti riba ilipofutwa mwaka 2019, benki zaweza kumtoza riba kubwa zaidi mteja anayeonekana ni wa hatari. Kwa mkopo wa Sh500,000 unaolipwa kwa mkupuo baada ya mwaka mmoja, nyongeza ya asilimia 3 ni Sh15,000.

Kila mteja ana haki ya kupata ripoti moja bila malipo kila mwaka, na kuisoma hakupunguzi alama zake. Kagua jina na nambari ya kitambulisho, kisha utafute mikopo usiyoijua, na ile uliyomaliza kulipa lakini bado inaonyesha salio. Tangu mwaka 2020, deni lisilofika Sh1,000 halipaswi kupelekwa CRB kama deni baya.

Wengi hudhani kulipa deni lililokwama hufuta kumbukumbu. Sivyo. Huandikwa kuwa limelipwa, lakini historia yake hubaki kwa miaka 5 tangu siku lilipomalizwa. Aidha, cheti cha CRB cha kuonyesha huna deni baya hakichukui nafasi ya ripoti kamili.

Ukiona kosa, iandikie CRB na uambatishe stakabadhi za malipo. CRB itauliza benki iliyoleta taarifa hiyo, na isipothibitishwa, hurekebishwa au kufutwa. Kazi hiyo huchukua muda. Hivyo anayetaka mkopo wa bidhaa za Desemba na aombe ripoti yake mapema, asingoje Novemba.