Mlima Hanang kama Darasa: Taaluma ya Kuongoza Watu Nyikani

Taaluma ya kuongoza watu nyikani, ambayo katika baadhi ya vyuo vikuu vya Marekani, Uingereza na New Zealand hufundishwa hadi ngazi ya shahada, huunganisha mambo mawili: burudani za nje, yaani shughuli ambazo mtu huzifanya kwa hiari yake katika mazingira ya asili, kama kupanda milima, kupiga makasia au kupiga kambi, na uongozi wa safari zenye hatari, yaani uwezo wa kukipeleka kikundi mahali ambapo kosa dogo laweza kuleta maafa na kukirudisha kikiwa salama. Anayeisomea hupitia fiziolojia, ambayo ni elimu ya utendaji kazi wa mwili, hali ya hewa, usomaji wa ramani, saikolojia ya vikundi, uhifadhi, sheria na huduma ya kwanza, lakini masomo yote hayo hulenga jambo moja ambalo halionekani kwenye ratiba ya vipindi, nalo ni busara ya kuamua.

Asili ya taaluma hii yathibitisha jambo hilo. Mwaka 1941, wakati wa Vita Kuu ya Pili ya Dunia, mwalimu mzaliwa wa Ujerumani, Kurt Hahn, alishirikiana na mmiliki wa meli, Lawrence Holt, kuanzisha shule ya Outward Bound huko Aberdovey, Wales, kwa kuwa Holt aliamini kwamba meli zilipozamishwa, mabaharia vijana wenye nguvu walikata tamaa na kufa mapema kuliko wazee ambao walikuwa wamekwisha kupambana na dhoruba nyingi. Katika miaka ya 1950 wazo hilo la kuwakomaza vijana kwa magumu lilifika Loitokitok, upande wa Kenya wa Mlima Kilimanjaro, ambako ilijengwa shule ya aina hiyo. Tanganyika nayo ilifungua Chuo cha Usimamizi wa Wanyamapori cha Afrika, Mweka, mwaka 1963, na leo Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo, Morogoro, kinafundisha usimamizi wa utalii. Hata hivyo, elimu ya utalii kwa desturi yake humjua mnyama, mmea na soko kwa undani zaidi kuliko inavyomjua binadamu aliyechoka, mwenye hofu, anayeona aibu kusema kwamba kichwa kinamuuma. Hilo ni pengo kubwa, na linastahili kuzibwa.

Kwa kijana wa Tumati, kata iliyo katika nyanda za juu za Mbulu mkoani Manyara, darasa la taaluma hii halihitaji kutafutwa mbali. Katika wilaya jirani umesimama Mlima Hanang, volkano ya zamani yenye urefu wa takribani mita 3,420, mmoja wa milima mirefu zaidi nchini, ambao mtu mwenye afya anaweza kuupanda na kushuka kwa siku moja ndefu akianzia mji wa Katesh. Mlima huu ni mdogo kuliko Kilimanjaro, wenye mita 5,895, lakini kwa mwanafunzi una faida ya kukosa mambo mengi ambayo kule yamekwisha kupangwa na wengine.

Mfano wa kwanza ni maji. Sehemu za juu za Hanang hazina chanzo cha maji cha kutegemea, hivyo kila tone hubebwa kutoka chini. Kikundi cha watu 12, kila mmoja akihesabiwa lita 4 kwa siku, kinahitaji lita 48, ambazo ni kilo 48 kabla ya chakula, nguo za baridi na machela kuongezwa. Mwanafunzi anayegawa mzigo huo lazima aamue nani abebe kiasi gani, aangalie kwamba mwenye nguvu halemewi kwa sababu tu hakulalamika, na ajue kwamba atakayeyamaliza maji yake saa nne asubuhi atakuwa tatizo la kikundi kizima saa tisa alasiri. Hesabu ni ya darasa la tatu, lakini uamuzi wake ni wa mtu mzima.

Mfano wa pili ni kile ambacho wataalamu hukiita saa ya kugeuka, yaani saa inayowekwa kabla ya safari, ambayo ikifika kikundi hurudi hata kama kilele kinaonekana. Kwenye Hanang kanuni hii hupata jaribio gumu, kwa sababu mpandaji akifika kwenye ukingo wa kreta hudhani amemaliza, kumbe kilele chenyewe kiko mbele, mwisho wa mgongo mwembamba wa mawe. Na hapo ndipo maneno "bado kidogo tu" huanza kusikika. Katika urefu huo shinikizo la hewa hukaribia theluthi mbili ya lile la pwani, kila pumzi huleta oksijeni pungufu, na kuanzia mita 2,500 hivi ugonjwa wa milimani, unaojitokeza kwa kuumwa kichwa, kichefuchefu na uchovu usio wa kawaida, unaweza kumpata yeyote, mwanariadha kwa asiye mwanariadha. Kiongozi naye huvuta hewa hiyohiyo, kwa hiyo uamuzi wa kurudi hufanywa chini, akili ikiwa bado imetulia.

Taaluma hii hutenganisha pia hatari inayohisiwa na hatari halisi. Mtu anayening'inia kwenye kamba iliyofungwa vizuri huhisi hofu kubwa ingawa yuko salama, ilhali mteremko uliolowa mvua kwa majuma kadhaa huenda usimtishe mtu yeyote ingawa ndio wenye kuua. Tarehe 3 Desemba 2023, baada ya mvua kubwa, sehemu ya Mlima Hanang iliyonyonya maji ilimeguka, na tope, mawe na magogo yakashuka kwa mikondo ya maji hadi Katesh na vijiji vya jirani, yakaua watu zaidi ya 80. Msiba huo unadai heshima. Unadai pia kwamba asipewe mtu yeyote shahada ya kuongoza watu milimani kabla hajajifunza kusoma udongo, makorongo na rangi ya maji ya mto baada ya mvua.

Sehemu ya elimu hiyo tayari iko kwa wenyeji. Wairaqw wa Mbulu wamelima miteremko kwa vizazi vingi na wanajua udongo unavyoshika na unavyoachia; Wahadza wa Yaeda Chini husoma nyayo na humfuata ndege wa asali kwa kujibizana naye kwa mluzi; Wabarbaig huutazama Hanang kuwa mlima mtakatifu, na kiongozi asiyelijua hilo atawafundisha wageni wake kukanyaga mambo ya watu bila hodi. Chuo kitakachofundisha somo hili Manyara kitafanya kosa kubwa kikiwatumia watu hawa kama wapagazi pekee, kwani nafasi yao ni ya wakufunzi, na wakufunzi hulipwa.

Tathmini ya somo nayo ina sura yake. Mtaalamu wa nadharia za kujifunza, David Kolb, katika kitabu chake cha mwaka 1984, alieleza kujifunza kuwa mzunguko unaoanza kwa tukio, ukafuata kulitafakari, kisha kulijengea dhana, na mwishowe kuijaribu dhana hiyo katika tukio jipya. Kwa hiyo mtihani wa kupanda Hanang hauishii kileleni: mkufunzi hutembea nyuma ya kikundi bila kusema, isipokuwa uhai ukiwa hatarini, na jioni, watu wakiwa wameketi chini ya mlima na viatu vimevuliwa, humwuliza mwanafunzi ni wapi alipotaka kurudi, kwa nini hakurudi, na ni nani katika kikundi aliyeacha kuzungumza mapema kuliko wenzake.