Sekunde mbili mbele ya dubu

Dubu wa kahawia wa Alaska akitoka mbio anaweza kufikia mwendo wa kilomita 56 kwa saa. Hiyo ni zaidi ya mita 15 kila sekunde. Kama kichaka alimolala kiko mita 30 kutoka uliposimama, una sekunde mbili za kutambua kwamba ni dubu, kuchomoa silaha, kulenga na kufyatua, huku umebeba begi mgongoni na viatu vimezama kwenye tope la mto. Dume la kisiwa cha Kodiak linaweza kupita kilo 600. Ndiyo maana wavuvi, wapanda milima na wapima ardhi wanaoingia katika nyika za Amerika Kaskazini huulizana mapema, kabla hata ya kufunga mizigo: twende na bunduki gani?

Msomaji wa Dar es Salaam au Mombasa anaweza kuona jambo hili halimhusu. Afrika haina tena dubu wa porini. Wale wa milima ya Atlas walitoweka katika karne ya 19. Lakini tangu 2016 mji wa Missoula, jimbo la Montana nchini Marekani, umekuwa ukipokea familia za wakimbizi kutoka Kongo, na wengi wao Kiswahili ndiyo lugha ya nyumbani. Mji huo umekaa katikati ya milima. Kila vuli dubu weusi hushuka hadi kwenye makazi ya watu kutafuta matofaa yaliyodondoka na mapipa ya taka yasiyofungwa, na grizli, ndugu wa yule dubu wa kahawia wa Alaska, wanaishi katika milima isiyo mbali na hapo. Watoto wa familia hizo wanakwenda kupanda milima na wenzao wa shule. Wazazi wao wanastahili kuelezwa ukweli wote kuhusu mnyama huyu, tena kwa Kiswahili.

Tuanze na bunduki, kwa kuwa ndizo zinazotajwa kwanza. Mwaka 1983 Idara ya Misitu ya Marekani ilitoa matokeo ya majaribio ya watafiti wake wa Alaska. Walifyatua risasi za aina nyingi kutoka yadi 15, yaani chini kidogo ya mita 14, kwa sababu katika umbali huo mtu hana tena nafasi ya kurudi nyuma. Hawakupima nguvu peke yake. Waliangalia risasi imepenya kiasi gani, imetanuka kiasi gani, na imebaki na uzito gani baada ya kugonga. Dubu ana manyoya mazito, mafuta chini ya ngozi, misuli ya mabega iliyojaa na mifupa minene; risasi inayotanuka haraka na kuishia kwenye nyama humwumiza bila kumsimamisha. Kinachomsimamisha papo hapo ni risasi inayofika kwenye ubongo au uti wa mgongo, au inayovunja mifupa ya bega.

Walioongoza katika majaribio hayo ni jamaa ambao wazee wetu wa uwindaji wanawafahamu vizuri. Raifoli ya .458 Winchester Magnum iliingia sokoni mwaka 1956 kwa ajili ya tembo na nyati wa Afrika. Ile ya .375 H&H ilitengenezwa London mwaka 1912, na kwa miongo mingi imebebwa na wawindaji wa kulipwa wa Kenya na Tanganyika. Leo viongozi wa uwindaji wa Alaska wanazithamini hizo hizo. Raifoli ya kawaida ya .30-06 nayo ilifanya vizuri ilipopewa risasi nzito ya gramu 14. Bastola zilibaki nyuma sana, hata .44 Magnum iliyokuwa na sifa kubwa.

Kwa wasio na mazoea ya raifoli za uwindaji, wengi huko hushauri bunduki ya pampu ya geji 12. Hapa lazima tahadhari itolewe. Bunduki hiyo ikijazwa marisau, vile vipande vingi vinavyotawanyika, haifai kwa dubu mkubwa. Kila kipande ni chepesi mno kupenya. Inayotakiwa ni risasi moja nene inayojaza mtutu mzima. Karibu na mlengwa ina pigo kubwa, na bunduki yenyewe ni nafuu na ngumu kuharibika. Lakini inarusha kitako begani kwa nguvu, inabeba risasi chache, na mwenye hofu husahau kuvuta pampu baada ya mlio wa kwanza.

Kisha kuna bastola, ambazo siku hizi ndizo zinazopendwa zaidi kwa sababu hukaa kifuani saa zote, hata unapotupa ndoano au kupiga hema. Mwaka 2003 kampuni ya Smith & Wesson ilitoa rivolva ya .500, yenye pigo ambalo halikuwahi kuonekana katika bastola iliyotengenezwa kwa wingi. Inavutia ukiitazama dukani. Lakini mtu asiyeizoea akifyatua risasi ya kwanza, mtutu unaruka juu, mikono inauma, na kabla hajalenga tena dubu ameshafika. Doria ya Sirius ya Denmark, inayozunguka kaskazini-mashariki ya Greenland kwa sleji za mbwa, ilichagua njia ya kati: raifoli ya .30-06 kwenye sleji, na kiunoni bastola ya milimita 10.

Kisa cha Phil Shoemaker kinanifundisha zaidi kuliko majedwali yote. Ni kiongozi wa wawindaji katika rasi ya Alaska, mtu wa miaka mingi porini, anayejulikana kwa raifoli yake kuukuu ya .458. Mwaka 2016 alikuwa anawaongoza mtu na mkewe kuvua samaki, raifoli hana, ana bastola ya milimita 9 tu, kaliba ambayo wengi wangeicheka mbele ya dubu. Dubu wa kahawia alipowavamia, Shoemaker alifyatua mfululizo kwa risasi ngumu zisizotanuka hadi mnyama akaanguka. Hakuna aliyeumia. Wapo waliokimbilia kuhitimisha kwamba milimita 9 inatosha. Mimi nasema aliyetosha ni Shoemaker: alimjua mnyama, mkono wake ulijua kazi, na risasi alizochagua zilikuwa za kupenya.

Hilo ndilo linalonisukuma kuandika. Duka linauza kaliba, halimuuzii mtu utulivu. Mwaka 2012 watafiti wakiongozwa na Tom Smith, pamoja na Stephen Herrero wa Kanada, bingwa aliyetumia maisha yake kuchunguza mashambulizi ya dubu, walichapisha uchambuzi wa matukio 269 ya watu wenye bunduki na dubu huko Alaska, kuanzia 1883 hadi 2009. Bastola zilifanikiwa katika asilimia 84 ya matukio zilipotumika, bunduki ndefu asilimia 76. Lakini walipolinganisha waliofyatua na wale waliokuwa na bunduki bila kuzitumia, hawakuona tofauti ya maana katika kuumia au kutoumia. Bunduki nyingi zilishindwa kwa sababu ambazo hakuna kaliba inayozitibu: mwenye nayo hakuwahi kuikoki, kifungio cha usalama hakikutoka, risasi zilimwishia, dubu alikuwa ameshamshika.

Miaka minne kabla ya hapo, Smith na wenzake walikuwa wametazama kopo la pilipili ya kumpulizia dubu. Kati ya matukio 83 ya Alaska, pilipili ilimzuia dubu wa kahawia kwa asilimia 92 na dubu mweusi kwa asilimia 90, na asilimia 98 ya watu waliokuwa nayo dubu alipowakaribia hawakujeruhiwa. Wapo wanaopinga kulinganisha tafiti hizo mbili, na hoja yao ina uzito: katika matukio ya pilipili walikuwamo dubu wengi waliokuja kwa udadisi tu, si kwa hasira. Nakubali. Hata hivyo kwa mtu wa kawaida, mzazi wa Missoula anayetembea na watoto, sioni sababu ya kuanza na kitu kingine.

Kopo lenyewe lina ukubwa wa chupa ya maji. Linalofaa lina angalau gramu 225 za dawa, linapuliza kwa sekunde zisizopungua 6 na kufika mita 7 na nusu au zaidi. Juu yake kuna kifungio kidogo cha plastiki. Kidole gumba kinakivuta kwa nyuma, kinadondoka, kisha gumba hilo hilo linabonyeza mkono wa kopo. Wingu la rangi ya machungwa linatoka kwa kishindo, na mlio wake pekee huwashtua dubu wengine. Unaelekeza chini kidogo, mbele ya dubu, ili aliingie wingu akiwa anakuja; huhitaji kulenga jicho wala moyo. Kopo likiwa ndani ya begi ni sawa na kutokuwa nalo. Tena lisipulizwe kwenye hema kama dawa ya mbu: mabaki ya pilipili yameonekana kuwavuta dubu badala ya kuwafukuza.

Aina ya dubu nayo hubadilisha kila kitu. Grizli mwenye watoto hushambulia kukuondoa. Akikuangusha, lala kifudifudi, funika shingo kwa viganja, usipigane. Dubu mweusi anayekufuata kimyakimya mchana kweupe anakuona chakula. Herrero na wenzake walipochunguza vifo vilivyosababishwa na dubu weusi kati ya 1900 na 2009, waliona kwamba karibu asilimia 88 ya matukio yalikuwa ya mnyama anayewinda. Huyo unapambana naye kwa chochote kilichopo mkononi, na usimwache mtoto akimbie.

Nje ya Amerika, mahali ambapo raifoli hupewa uzito mkubwa ni Svalbard, visiwa vya Norway vilivyo karibu na ncha ya kaskazini. Anayetoka nje ya makazi anatakiwa kisheria kuwa na kifaa cha kumfukuzia dubu mweupe, na mamlaka inashauri abebe pia bunduki. Chuo cha visiwani hapo huwafundisha wanafunzi kufyatua raifoli kabla ya kuwapeleka barafuni, na milango ya maduka ya Longyearbyen ina alama ya kukataza kuingia na silaha. Hata huko bunduki haikutosha peke yake. Agosti 2011 dubu mweupe aliingia kambini mwa vijana wa Uingereza asubuhi. Waya za tahadhari kuzunguka mahema hazikulia, na raifoli ya kambi iligoma mara kadhaa kabla ya dubu kuuawa. Kijana wa miaka 17 alifariki, wenzake wanne wakaumia. Inauma kusoma habari hiyo, hasa kwa kuwa karibu kila kilichokosekana asubuhi ile kingeweza kukaguliwa kabla ya kulala.

Askari wa hifadhi wanaowatangulia watalii kwa miguu katika Hifadhi ya Taifa ya Arusha hubeba raifoli pia, lakini kinachowalinda kwanza ni kusoma upepo, nyayo na tabia ya nyati. Kwenye nchi ya dubu ni vivyo hivyo: pigeni kelele njiani, tembeeni kwa kundi, wekeni chakula mbali na mnapolala, ondokeni kwenye mzoga wowote mtakaouona.

Na kama bado mtu ameamua kubeba bunduki, ajue pia sheria inamtaka nini baadaye. Katika hifadhi za taifa za Marekani kubeba kumeruhusiwa tangu Februari 2010, kwa kufuata sheria za jimbo husika, ila kufyatua bado ni kosa la kujibiwa, na grizli wa Marekani nje ya Alaska wanalindwa na sheria ya shirikisho tangu 1975. Anayemuua kwa kujihami hana budi kutoa taarifa na kueleza. Alaska inaenda mbali zaidi. Aliyemuua dubu kuokoa maisha yake hawezi kuondoka na kumwacha hapo. Lazima amchune, atoe ngozi nzima na kucha zake pamoja na fuvu, avibebe hadi mjini akavikabidhi kwa serikali, na ajaze fomu ndani ya siku 15 akieleza alifikaje hapo, alifanya nini kuzuia, na kwa nini hakukuwa na njia nyingine.