Mtumbwi Usiogusa Maji

Paukwa! Pakawa.

Leo mwezi ni mpevu, wajukuu zangu, na mitumbwi imelala ufukweni. Mwezi uking'aa hivi dagaa hawaifuati taa, ndiyo maana baba zenu wako nyumbani. Mmewatazama wanavyoamka? Mkono mmoja kiunoni, mwingine unatafuta ukuta. Kuvuta wavu kutoka kilindini usiku kucha kunakaza mgongo, na mama zenu wanaoinama mchana kutwa kuanika dagaa mchangani wanayajua maumivu hayohayo. Jina la kijiji chetu, Mwamgongo, lina neno mgongo ndani yake, basi kisa changu nakianzia hapo.

Mwaka 1918, katika kijiji cha Bellur huko India, alizaliwa mtoto aitwaye Iyengar. Malaria ilimwandama, mnaijua wenyewe. Ikaja taifodi, kikaja na kifua kikuu. Alipokuwa kijana mdogo, dhaifu bado, akachukuliwa na shemeji yake, Krishnamacharya, aliyefundisha yoga katika kasri la mfalme wa Mysore. Yoga ni mazoezi ya kale ya Wahindi: unauweka mwili katika mkao fulani, unavuta na kutoa pumzi taratibu, na akili inatulia hapo ulipo, haizururi. Polepole yule kijana akapata nguvu.

Sasa sogeeni, maana hapa ndipo ninapopapenda. Mwalimu huyo alikuwa na mwanafunzi mwingine, Pattabhi Jois. Jois akashika njia ya jasho: mikao inafuatana kwa mpangilio uleule, pumzi ndiyo inayoiongoza, na hakuna kuzubaa. Njia hiyo inaitwa ashtanga. Iyengar, aliyejua ugonjwa ulivyo, akashika njia ya utulivu. Kwake mkao mmoja unakaliwa kwa muda, kila kiungo kinapangwa sawasawa, na mkono usiofika chini unawekewa kibao. Wengine wanapewa mkanda, blanketi au hata kiti. Kisha akabisha hodi mwanamke kutoka Ulaya, Indra Devi. Mwalimu alimkataa kwanza, baadaye akamfundisha, naye akaenda kuwafundisha watu Marekani kwa namna yake ya upole. Mwalimu mmoja, wanafunzi watatu, na hakuna aliyefundisha kama mwenzake!

Na yule mtoto mgonjwa? Alifariki mwaka 2014, akiwa na miaka 95. Sidai kwamba yoga peke yake ilimpa umri huo. Lakini madaktari walioichunguza wameona kwamba inapunguza kiasi maumivu ya kiuno ya muda mrefu, kwa mtu anayeifanya wiki baada ya wiki. Basi baba mwenye kiuno kibovu asianze na njia ya Jois. Huyo aanze na blanketi na kiti. Kaka yenu anayecheza mpira, asiyeweza kukaa kimya hata wakati wa kula, yeye ajaribu ile ya jasho, na kama haimpendezi abadili. Mkao ukichoma, uacheni hapohapo, msione haya.

Mikao mingi ina majina ya vitu mnavyovijua. Upo wa samaki, upo wa mti, wa kusimama kwa mguu mmoja. Upo wa nyoka: unalala kifudifudi na kuinua kifua kama swila. Na upo wa mtumbwi, ambao nautaka sasa hivi.

Ketini mchangani. Egemeeni nyuma kidogo, mgongo usipinde. Inueni miguu yote miwili, nyosheni mikono mbele. Mnasikia tumbo linavyotetemeka? Hilo ndilo linaloshikilia mgongo baba anapovuta wavu.

"Bibi, wangu unazama!"

Kunja magoti, mwanangu, shika mapaja kwa nyuma. Hivyohivyo. Wimbi likija, vuta pumzi. Likirudi ziwani, itoe.