Pole Peke Yake Haitibu Sonona

Machoni pa watu maradhi ni ya namna mbili. Yako yanayoonekana, kama donda, homa na mguu uliovunjika. Mwenye nayo hupikiwa uji, hutandikiwa mkeka kivulini, na kazi yake hushikwa na wenzake. Na yako yasiyoonekana, ambayo mwenye nayo huambiwa kuwa ni mvivu. Sonona ni mojawapo ya haya ya pili. Mtu aliyezoea kuamka alfajiri kwenda shambani hulala hadi jua limepanda. Chakula hakina ladha. Usingizi humkimbia usiku. Watoto wakimwita hujibu kwa shida. Na moyoni mwake hujiona kuwa hana thamani tena duniani. Hali kama hiyo ikimkaa mtu wiki mbili au zaidi, karibu kila siku, ikamzuia kufanya kazi zake, waganga wa hospitali huihesabu kuwa ugonjwa, tena ugonjwa unaotibika.

Tiba zake kubwa ni mbili: dawa na mazungumzo. Habari ya dawa tuwaachie waganga. Leo tunataka kuzungumza na msomaji juu ya tiba ya mazungumzo, maana hiyo ndiyo inayodharauliwa sana. Wengi husema, "Maneno yatatibu nini?" Na wengine, kwa nia njema kabisa, hufikiri kwamba kumpa mgonjwa pole na kumwambia ajikaze ndiyo tiba yenyewe. Makundi yote mawili yamekosea, na ushahidi upo, tena mwingi umetoka kwa jirani zetu.

KWA NINI KAKONKO

Swali hili si la wasomi wa mijini peke yao. Wilaya ya Kakonko, iliyomegwa kutoka Kibondo mwaka 2012, iko mpakani na Burundi, katika nyanda za juu za Kigoma. Nchi hii ya Buha imeona mengi. Zamani za ukoloni vijana wake walikwenda umanamba katika mashamba ya mkonge, wakawaacha wake na wazee nyumbani. Baadaye yakaja mafuriko ya wakimbizi. Mwaka 1996 Wakongo walifunguliwa kambi ya Nyarugusu huko Kasulu. Mwaka 2015 machafuko ya Burundi yaliwaleta wengine kwa maelfu. Kambi ya Nduta wilayani Kibondo ikafunguliwa tena mwaka huo, na ile ya Mtendeli, iliyo katika wilaya hii ya Kakonko, ikapokea watu kuanzia Januari 2016 hadi ilipofungwa mwaka 2021.

Basi kufiwa, kutengana, kupoteza shamba na kuanza maisha upya ni mambo yanayojulikana hapa na mwenyeji na mgeni. Na hayo ndiyo mambo ambayo sonona hupenda kuyafuata nyuma. Lakini hospitali kuu ya taifa ya maradhi ya akili, Mirembe, iko Dodoma, mbali sana na Kakonko. Mwanamke wa kijijini aliyeshindwa hata kuteka maji hawezi kuambiwa afunge safari hiyo ili akazungumze na mtaalamu.

NJIA ZENYEWE

Tiba ya mazungumzo si kitu kimoja. Njia zinazojulikana zaidi ni nne.

Ya kwanza ni kurekebisha fikra. Ilitengenezwa Marekani na daktari Aaron Beck katika miaka ya 1960. Mgonjwa hufundishwa kulishika wazo linalomtesa na kulipima kama hakimu apimavyo ushahidi. Mama aliyefiwa na mtoto njiani akikimbia vita husema moyoni, "Mimi ndiye niliyemwua." Mshauri hambishii, bali humwuliza hatua kwa hatua: nani alileta vita, wewe ulikuwa na uwezo gani, ungemwambia nini jirani aliyepatwa na jambo hilo hilo?

Ya pili hutazama uhusiano wa mtu na wenzake. Waanzilishi wake ni Gerald Klerman na Myrna Weissman, nao pia wa Marekani. Hii huuliza: ugonjwa ulianza wakati gani, na wakati huo kulitokea nini baina yako na watu? Mara nyingi jibu ni msiba, au ugomvi wa nyumbani, au badiliko kubwa la maisha kama kuachishwa kazi, kuugua au kuhama. Mazungumzo hufuata jambo hilo hadi mgonjwa apate namna mpya ya kuishi nalo.

Ya tatu ni kutatua matatizo. Mkulima mwenye deni, mazao hafifu na mtoto aliyefukuzwa shule huyaona yote kuwa mlima mmoja. Mshauri humsaidia kuyatenganisha, kuchagua moja, kutafuta njia ya kulikabili, kuijaribu, kisha kurudi kueleza matokeo.

Ya nne ni kuamsha vitendo. Sonona humfanya mtu aache kazi na watu, na kuacha huko huizidisha sonona. Njia hii humrudisha mgonjwa kwenye shughuli zake kidogo kidogo, kwa ratiba, bila kungoja kwanza moyo upende.

Mbali na hizo nne kuna kusikiliza na kuliwaza tu, pasipo mpango wala hatua. Nako ni kwema. Je, kunatosha?

USHAHIDI WA JIRANI

Tuanze na Uganda. Katika vijiji vya kusini magharibi, wilaya za Masaka na Rakai, wachunguzi walikuta kwamba wananchi wenyewe walikuwa na majina yao ya ugonjwa huu, moja likikaribia maana ya kujichukia na jingine kujihurumia. Vijiji 30 vikagawanywa kwa kura. Katika nusu yake, wagonjwa walikutana kila wiki kwa wiki 16, wanawake peke yao na wanaume peke yao, wakifuata ile njia ya uhusiano. Viongozi wa vikundi hawakuwa waganga. Walikuwa watu wa huko huko waliofundishwa kwa wiki mbili. Matokeo yalitangazwa mwaka 2003. Katika vijiji vyenye vikundi, wenye ugonjwa walishuka kutoka asilimia 86 hadi 6.5. Katika vijiji vingine walishuka kutoka asilimia 94 hadi 54.7. Msomaji aone kwamba hata wasiotibiwa wengine walipona kwa kupita siku. Lakini tofauti baina ya makundi hayo mawili ni kubwa mno.

Twende mashariki ya Kongo. Huko wanawake 405 waliodhulumiwa vibaya walilinganishwa, na matokeo yakatolewa mwaka 2013. Wengine walipata msaada wa mshauri, mmoja mmoja, kila walipouhitaji. Wengine waliingia katika vikundi vilivyofuata njia ya kurekebisha fikra. Makundi yote yalipata nafuu. Lakini miezi sita baada ya tiba, waliobaki na dalili nzito za sonona au wasiwasi walikuwa asilimia 42 katika kundi la kwanza, na asilimia 9 tu katika kundi la pili. Huruma ilikuwapo pande zote mbili. Upande wa pili uliongeza mpango.

Zimbabwe ilichagua njia ya kutatua matatizo. Kuanzia mwaka 2006 daktari Dixon Chibanda aliwafundisha bibi wazee wa mjini Harare kukaa na wagonjwa juu ya benchi katika uwanja wa zahanati. Hawakuwatajia maneno ya kizungu; walitumia neno la Kishona lenye maana ya kuwaza kupita kiasi, nasi Waswahili tunaposema "fulani ana mawazo" hatuko mbali na hapo. Uchunguzi wa watu 573 uliotolewa mwaka 2016 ulionyesha kwamba baada ya miezi sita waliokuwa bado na dalili za sonona walikuwa asilimia 13.7 kwa waliokaa benchini, na asilimia 49.9 kwa wengine.

NANI MSHINDI?

Haifai kuzipanga hesabu hizi kama mabao ya mpira na kuitangazia ushindi nchi fulani, kwa sababu wagonjwa hawakuwa sawa wala vipimo havikuwa vimoja. Ulinganisho wa haki ni ule unaokusanya chunguzi nyingi na kuzipima pamoja. Kazi hiyo ilifanywa na Pim Cuijpers wa Amsterdam na wenzake, wakaitoa mwaka 2021: chunguzi 331, wagonjwa zaidi ya 34,000. Walikuta kwamba njia zote zilishinda huduma ya kawaida, na kwamba baina ya njia zenye mpango tofauti zilikuwa chache na ndogo. Iliyobaki nyuma ya nyingine ilikuwa moja: ile ya kusikiliza na kuliwaza tu.

Hapo ndipo penye fundisho kwa Kakonko. Haina haja ya kugombana juu ya njia ipi ni bora, wala kungoja mabingwa kutoka mbali. Tofauti kubwa iko baina ya kuwa na mazungumzo ya mpango na kutokuwa nayo. Mpango maana yake ni mtu aliyefundishwa, siku na saa zinazojulikana, idadi ya vikao inayojulikana, siri inayotunzwa, na mtaalamu anayemsimamia mshauri na kumsahihisha. Shirika la Afya Duniani lilitoa mwaka 2016 kitabu cha kuongozea vikundi vya ile njia ya uhusiano, kwa ajili ya washauri wasio mabingwa. Na huko Nyarugusu, wanawake wa Kikongo walikwisha kuingizwa katika jaribio lililoitwa Nguvu, lililounganisha kurekebisha fikra na msaada kwa wanaopigwa na waume zao. Mbegu, basi, imekwisha kupandwa mkoani humu humu.

MIPAKA YAKE

Lakini tusiuze dawa kwa kuisifu kupita kiasi. Katika kambi za kaskazini ya Uganda, uchunguzi wa vijana 314 uliotolewa mwaka 2007 ulionyesha kwamba vikundi vya njia ya uhusiano viliwasaidia sana wasichana, ilhali kwa wavulana nafuu haikuwa dhahiri. Tena mwenye kutaka kujiua, mwenye kusikia sauti zisizokuwapo, au aliyeacha kabisa kula, asipelekwe kikundini akaachwa hapo. Apelekwe kwa mganga siku hiyo hiyo. Wala mazungumzo hayalipi deni, hayaleti mvua, na hayamzuii mume mwenye kupiga. Humrudishia mtu nguvu ya kusimama mbele ya mambo hayo, nayo ni nguvu ambayo bila yake hata msaada mwingine hupotea bure.

Kuna hatari moja zaidi. Kambi ikifungwa au fedha za wafadhili zikikauka, wahudumu walioajiriwa kwa fedha hizo huondoka, na wenye kijiji hubaki na maradhi yao. Kwa hiyo elimu hii inafaa ikae kwa watu wasiohama: wahudumu wa afya wa vijiji, walimu, wauguzi wa zahanati, viongozi wa vyama vya ushirika na vya wafanyakazi. Wiki mbili za mafunzo na usimamizi wa kudumu si mzigo unaoishinda wilaya.

Wahenga walisema mficha maradhi kilio kitamfichua. Ndugu anayeshinda ndani na kukwepa watu hatakuja kujieleza mwenyewe. Ugonjwa wake ndio unaomzuia. Wajibu wa mwenzake kazini au jirani yake ni kumwendea, kumpa pole bila kumlaumu, kisha kumshika mkono hadi zahanati. Na wajibu wa zahanati ni kuwa na mtu aliyefundishwa, mahali pa faragha pa kukaa, na siku ya kumwambia arudi.