Jua la Kigoma Halifuati Saa ya Dar es Salaam

Mwezi wa Ramadhani, redio ikirusha adhana ya magharibi kutoka Dar es Salaam, aliyefunga Kigoma hagusi tende. Kwake jua bado liko juu ya Ziwa Tanganyika, na itambidi asubiri takriban dakika 40 ndipo lizame. Nchi ni moja, saa zao zinasoma sawasawa, na hakuna aliyekosea. Kinachowatofautisha ni longitudo, ile mistari ya kusimama ambayo mwanafunzi huichora kwenye daftari la jiografia, akakariri kwamba nyuzi 15 ni sawa na saa moja, kisha akaiaga mtihani ukishapita.

Hesabu yenyewe si ngumu. Dunia hujizungusha kwenye mhimili wake mara moja kwa saa 24, na duara zima lina nyuzi 360. Gawa 360 kwa 24 upate nyuzi 15 kwa saa, yaani dakika 4 kwa kila nyuzi moja. Dar es Salaam ipo kwenye nyuzi 39.3 Mashariki, Kigoma nyuzi 29.6. Tofauti ni nyuzi 9.7, zidisha kwa 4 upate dakika 39. Na kwa kuwa Dunia huzunguka kuelekea mashariki, walioko mashariki ndio wanaotangulia kuliona jua, na ndio wanaotangulia kuagana nalo. Treni ya Reli ya Kati, ile iliyofika Kigoma mwaka 1914, huchukua zaidi ya siku nzima kutoka pwani hadi ziwani. Mapambazuko humaliza safari hiyo kwa dakika 39.

Kama kila mji ungefuata jua lake, Dodoma, Tabora na Kigoma kila mmoja ungekuwa na saa yake. Ndivyo ilivyokuwa duniani kote zamani, na haikumsumbua mtu hadi zilipokuja reli na telegrafu. Ratiba ya treni haiwezi kuandikwa ikiwa kila stesheni ina adhuhuri yake. Mwezi Oktoba 1884 wajumbe wa nchi 25 walikutana Washington, Marekani, wakaamua kuwa mstari unaopita Greenwich, Uingereza, ndio uwe nyuzi 0. Kuanzia hapo dunia ikaja kugawanywa katika kanda za saa, na kila serikali ikajichagulia yake.

Tanzania, Kenya na Uganda zimechagua saa iliyoitangulia Greenwich kwa saa 3. Mstari wake ni nyuzi 45 Mashariki, na hapo pana jambo ambalo wengi hawalijui: mstari huo haugusi hata moja kati ya nchi hizo tatu. Unapita Somalia, karibu na Mogadishu. Ndiyo maana saa ya ukutani ikigonga 6 mchana, jua bado halijafika utosini kwetu. Kwa wastani, Dar es Salaam jua hufika utosini saa 6:23, Nairobi saa 6:33, Kampala saa 6:50, na Kigoma saa 7:01.

Burundi nayo imechagua nyuzi 30, saa 2 mbele ya Greenwich. Bujumbura na Kigoma zimo kwenye ufuo uleule wa mashariki wa ziwa, karibu kwenye longitudo moja, na hupata adhuhuri takriban pamoja. Lakini adhuhuri hiyo Kigoma huiandika saa 7:01, Bujumbura saa 6:03. Msafiri anayevuka mpaka hurudisha mishale nyuma kwa saa nzima, ingawa kivuli chake hakijabadilika.

Longitudo ikikwambia jua litafika lini, latitudo hukwambia litakaa muda gani. Desturi yetu ya kuanza kuhesabu saa kunapokucha inafanya kazi kwa sababu tunaishi jirani na Ikweta. Dar es Salaam, iliyo nyuzi 6.8 Kusini, tofauti kati ya mchana mrefu kuliko yote wa Desemba na mfupi kuliko yote wa Juni haifiki saa moja. London, nyuzi 51.5 Kaskazini, mchana wa Juni huzidi saa 16 na wa Desemba haufiki saa 8. Huko saa moja asubuhi ingehamahama mwaka mzima.

Haya yote yanaweza kupimwa kwenye uwanja wa shule. Tafuta fimbo iliyonyooka, ichomeke wima kwenye ardhi tambarare, ibaki mita 1 juu. Izungushie duara lenye nusukipenyo cha sentimita 60. Asubuhi kivuli kitakuwa kirefu na ncha yake itakuwa nje ya duara. Kadiri jua linavyopanda kitafupika. Ncha ikigusa duara, andika saa. Mchana kitarefuka tena; ikigusa duara kwa mara ya pili, andika saa. Katikati ya nyakati hizo mbili ndiyo adhuhuri halisi ya hapo ulipo.

Tuseme mko Moshi. Kivuli kimegusa duara saa 4:36 asubuhi na tena saa 8:26 mchana. Katikati yake ni saa 6:31. Jua limechelewa dakika 31. Gawa kwa 4 upate nyuzi 7.75. Toa hizo kwenye 45, zinabaki nyuzi 37.25 Mashariki. Ramani inasema Moshi iko nyuzi 37.3.

Siku ya kupima nayo ichaguliwe. Njia ya Dunia kulizunguka jua si duara kamili, na mhimili wake umeinama nyuzi 23.5, kwa hiyo jua huweza kuitangulia saa kwa dakika 16 mwanzoni mwa Novemba, au kuchelewa dakika 14 katikati ya Februari. Kosa hilo hukaribia sifuri mara nne kwa mwaka: katikati ya Aprili, katikati ya Juni, Septemba mosi na sikukuu ya Krismasi. Aprili masika yatawaharibia. Septemba mosi inafaa zaidi. Chora maduara matatu au manne, kila moja likupe adhuhuri yake, kisha tafuta wastani, maana kosa la dakika moja tu hukusogeza kilomita 28 hivi kwenye ramani. Na darasa la Kigoma likipata saa 7:01 lisiilaumu fimbo. Fimbo imesoma jua la Kigoma. Saa ya mkononi inasoma la Mogadishu.